Nyuzi Nilizozitupa

Nimesoma mpaka darasa la nne na juzuu chache za Kurani chuoni, basi. Lakini mikono yangu imesoma kunipita. Tangu nina miaka tisa nashona kofia za viua, zile zenye vitobo vidogo vidogo vinavyozungushiwa uzi mpaka kofia inasimama yenyewe kichwani. Wanaume wa Mlandege wakiulizwa Ijumaa nani kawashonea, wanautaja mlango wangu, na mie nikisikia hivyo nanenepa siku nzima. Hayo nayasema mapema ili ijulikane maringo yangu yalianzia wapi. Ninachokuja kukieleza hapa ni aibu, na aibu yenyewe ilizaliwa na maringo hayo hayo.

Nilikuwa mfagizi wa maabara. Si maabara ya malaria na mkojo, ile ya kungojea majibu huku unakunywa soda. Hii ilikuwa ghorofani, katika nyumba kongwe ya Mji Mkongwe, ngazi zake za mbao zimelika katikati kwa kukanyagwa, na kazi yake ni kutazama nyama za watu. Mtu akitolewa uvimbe, au kikipande cha ini, au cha ngozi, kinaletwa pale ndani ya chupa. Kinatazamwa, majibu yanarudi kwa daktari wake. Siku za mwanzo nilifagia huku nasoma Kulhuwallahu kimoyomoyo. Baadaye nikazoea, chupa zikawa chupa.

Kitu kimoja nilikisimamia mwenyewe. Nilikuta mabaki yakishatazamwa yanachomwa moto pamoja na taka. Nikamwendea daktari wa pale, kijana wa umri wa mwanangu wa pili.

"Mwanangu," nikamwambia, "nyama ya mtu haitupwi kama magamba ya samaki. Kucha tunazifukia, kitovu cha mtoto tunakifukia, seuze ini la mtu?"

Akacheka, lakini akakubali. Tokea hapo, kila mwisho wa mwezi, napewa mabaki yaliyokwisha kuoshwa dawa, nayafunga kitambaa cheupe, nampelekea mzee mmoja makaburini anayafukia. Kwa hilo nilijivuna sana. Nilikuwa nikipita njiani naona kama nimewastiri watu wasiojua kuwa wamestiriwa.

Siku moja daktari akanikuta koridoni. Nishamaliza kudeki, nimekaa juu ya ndoo niliyoipindua, nashona kofia. Akasimama muda akiitazama sindano.

"Bibi, mkono wako hautetemeki?"

"Utetemeke kwa nini? Nimeiba?"

Siku ya pili yake akaniita mezani kwake, mbele ya hadubini.

Alinieleza kwa maneno mepesi. Mshipa wa fahamu si ule wa damu. Huu unapeleka habari: hiki cha moto, hiki cha baridi, nyanyua mguu, shika kikombe. Mtu akianza kufa ganzi na sababu haijulikani, hukatwa kikipande cha mshipa karibu na kifundo cha mguu, urefu wake punje mbili tatu za mchele. Binti mmoja wa maabara anakigandisha kwa dawa, halafu anakitia katika dawa nyengine ya sumu ndani ya kabati lenye feni, kinatoka cheusi kama wanja. Kisha kinalazwa kwenye gliserini kilainike. Hapo ndipo inapoanza kazi ya mkono. Ndani ya kikipande kile mna nyuzi mamia kwa mamia, nyembamba kuliko unywele wa mtoto mchanga. Unazichambua moja moja kwa sindano mbili na kibanio, usizikate, unazilaza juu ya kioo zimenyooka, ubavu kwa ubavu, mpaka zitimie mia. Zikikauka zinafunikwa kioo chengine, na daktari anazisoma.

Nilipoinamia hadubini mara ya kwanza nilisema Subhanallah kwa sauti. Uzi mzima una pingili kama muwa: pingili ndefu, fundo, pingili ndefu, fundo. Uzi wenye maradhi hauko hivyo. Pingili zake fupi fupi, au pahala pamevuliwa ganda pako uchi, au umekatikakatika umekuwa chembe nyeusi kama ushanga uliomwagika.

Binti wa maabara alikuwa akizikata nyuzi kila mara, maana simu yake inamwita kila dakika. Mie nilikaa mpaka adhana ya adhuhuri sijanyanyua kichwa. Daktari akakitazama kioo changu, akatikisa kichwa.

"Mashaallah, bibi. Hata nilikosomea sikuona mkono kama huu. Sasa nisikilize kitu kimoja tu. Usichague. Uzi ukikujia, ulaze, mzuri au mbaya. Ule ule unaokuja."

"Nimefahamu, mwanangu."

Nilifahamu kwa masikio. Moyoni nikasema, huyu kasoma vitabu vingi, lakini hajapata kushika uzi. Mshona kofia akifungua uzi wake, kitu cha mwanzo ni kuuchambua: wenye kifundo tupa, wenye unyoya tupa, uliolegea tupa. Hiyo ndiyo kazi yenyewe. Bibi yangu alinipiga vidole kwa uzi mmoja mbovu niliouacha upite. Leo nije niambiwe nilaze mbovu kwenye kazi yangu, watu waitazame?

Binti wa maabara akawa ananiita profesa wa ufagio. "Haya, profesa, kiti chako hicho, uning'olee na macho." Nami nikimjibu, "Ng'oa wewe hiyo simu sikioni kwanza." Tukicheka. Lakini nilikuwa nikikaa kwenye kiti kile kama niliyezaliwa nacho.

Na kujisifu nilijisifu. Nilikutana na wifi yangu Darajani, anachagua samaki wa changu mezani, nikamwambia kabla hajaniuliza hali.

"Wewe?" akasema. "Wa darasa la nne?"

"Wa darasa la nne huyu huyu. Na daktari hasomi kitu mpaka nimtandikie mie."

Mjukuu wangu, msichana wa sekondari, akayabeba mpaka skuli. Mtaani ikawa bibi fulani anafanya kazi na madaktari. Sikumrekebisha mtu.

Ndipo akaja mwanamke wa Uroa.

Alipanda ngazi zile kidogo kidogo, mkono ukutani, anatazama kila pahala anapotia mguu. Umri wake sawa na binti yangu mkubwa. Mkononi ana kikapu, ndani ya kikapu kanga, ndani ya kanga chupa. Hospitali walimkata, wakampa chupa yake ailete mwenyewe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pumzika kwanza, ngazi hizi zinaua wazima."

Akakaa kitako, chupa mapajani kama kitoto. Akaniambia yeye mkulima wa mwani. Vidole vyake vimeanza kukataa kufunga vile vikamba vya kufungia mbegu. Anafunga, anadhani kafunga, akigeuka mwani unaelea. Na miguu ndio zaidi. "Juzi nimekanyaga chaza, mama, kikanikata hivi. Sikujua. Nimeona maji mekundu nikafikiri kanga inachuja rangi." Akacheka, nami nikacheka, na sikuona la kuchekesha.

Akaninyooshea chupa, halafu akairudisha kidogo kifuani.

"Wakishaitazama, hupelekwa wapi?"

"Hufukiwa," nikamwambia. "Mie mwenyewe nayafunga kitambaa cheupe. Hapa hakitupwi hata chembe."

"Basi Alhamdulillahi." Akaniachia.

Mshipa wake ulinifikia mezani baada ya siku kadhaa za dawa. Nusu yake daktari aliikata vipande vyembamba kwa mashine, vikamkunjamania, hakuweza kuviamini. "Nakutegemea wewe, bibi," akasema. Nikainama.

Zilikuwa mbovu. Sijawahi kuona nyuzi mbovu kama zile. Navuta mmoja, una uchi katikati. Navuta wa pili, pingili fupi fupi kama za muwa wa ukame. Wa tatu unamwagika ushanga. Nilimwonea huruma yule mwanamke, wallahi nilimwonea, lakini huruma ile nikaichanganya na kioo changu. Niliona kioo kitakuwa kibaya na daktari ataona mkono wangu umechoka. Nikaanza kutafuta. Kila penye uzi mzuri nikauvuta, nikaulaza. Mbovu nikaupangusa kwenye karatasi laini ya kufutia mikono. Nilitumia siku tatu badala ya moja, na katika siku tatu hizo nilijiona mchapakazi. Karatasi zile nikazikunja nikazitia kwenye pipa, juu ya majani ya chai ya asubuhi.

Daktari alipokiona kioo alisema, "Bibi, hii picha ya kutundika ukutani." Nikanenepa. Akaandika kuwa mshipa hauna ubaya mkubwa, sababu itafutwe pengine. Yule mwanamke akapewa vidonge vya vitamini akarudi kwao.

Ikapita Ramadhani, ikapita Idi zote mbili.

Aliporudi, alikuja na fimbo, na dada yake kamshika kiuno. Ngazi alizipanda kwa makalio, moja moja, anajivuta kinyumenyume, mbele yangu nimesimama na dekio mkononi. Nikaangalia pembeni. Daktari alitaka amwone mwenyewe kwa macho yake. Alimgonga goti kwa kinyundo, mguu haukustuka. Akamwambia anyanyue vidole, vikalala vile vile. Mie nilikuwa nafuta dirisha ambalo lilikuwa safi.

"Sielewi," daktari akamwambia. "Mshipa wako niliuona kwa macho yangu, mzuri kabisa. Karibu kila uzi mzuri. Na mguu huu si mguu wa mtu mwenye mishipa mizuri." Akafikiri. "Itabidi tukate kikipande cha mshipa mguu wa pili, tutazame upya. Jumatatu."

Hapo ndipo nilipojua. Sikuhitaji kuelezwa. Maneno yake "kila uzi mzuri" yalinishuka kama maji ya barafu ndani ya nguo. Na nilijua jengine ambalo yeye alilisahau: kikipande cha ule mshipa wa kwanza kimebaki, kiko ndani ya kichupa cha gliserini, rafu ya chini, mwandiko wangu mwenyewe uko juu yake. Hakuna haja ya kumkata mtu. Ilikuwa ni kufungua mdomo tu.

Sikufungua. Nilitoka nikasimama kileleni mwa ngazi, na yeye akaletwa, akakaa kwenye ngazi ya juu ajitayarishe kushuka. Akanitambua.

"Mama, watanikata tena. Ule wa kwanza uliniuma mwezi mzima, ndiyo pahala pekee palipokuwa panauma." Akatabasamu. "Huu wa pili nao utauma?"

"Hautauma," nikasema. "Jambo dogo tu."

Nilimdanganya mtu anayeshuka ngazi kwa makalio kwa sababu yangu. Hiyo ilikuwa Alkhamisi. Ijumaa nilikaa kimya mchana kutwa. Nilijiambia kikipande kilichobaki pengine kishaharibika. Nilijiambia daktari ndiye mwenye kazi, mie mfagizi. Tazama jinsi nilivyouchukua ufagio haraka, mie niliyekuwa nikiuona mzito mbele ya wifi yangu.

Alasiri mjukuu wangu akaja na daftari lake, anisomee insha aliyoandika, inahusu mtu anayemheshimu. Akasimama katikati ya ua, mikono nyuma, akasoma kuwa bibi yake hana vyeti lakini madaktari wanaiamini mikono yake, na wagonjwa wanapona kwa mikono hiyo. Nilikuwa nakula muhogo. Nikaurudisha sahanini.

"Nzuri, bibi?"

"Nzuri. Nenda kaniletee maji."

Jumamosi nilifika kabla hawajafungua. Daktari alipokuja na funguo alinikuta nimekaa kwenye ngazi.

"Shikamoo, bibi. Kulikoni mapema?"

Sikuitikia hata marahaba. "Nilichagua," nikamwambia.

"Umechagua nini?"

"Nyuzi za yule wa Uroa. Nilikupangia nzuri. Mbovu nilizitupa. Zilikuwa nyingi kuliko nzuri, nyingi sana. Na kimebaki kikipande kwenye rafu ya chini, na Alkhamisi nilikuwa najua, nikanyamaza."

Hakupiga kelele. Ningependa angepiga. Alikaa ngazi moja chini yangu, funguo zinaning'inia kidoleni.

"Nilikwambia usichague."

"Uliniambia."

"Sasa kwa nini, bibi?"

"Nilikuona hujui uzi."

Akanitazama mpaka nikajifunika uso kwa ukaya wa buibui. Kisha akasimama, akafungua mlango, akasema, "Ingia. Utaichambua hiyo iliyobaki. Nami nitakaa hapo hapo nikitazama."

Na akakaa kweli, kiti chake kimegusana na changu, jicho lake kwenye mdomo wa pili wa hadubini. Binti wa maabara alipokuja akafungua kinywa aseme neno lake la profesa, akaona nyuso zetu, akakifunga. Mkono wangu siku hiyo ulitetemeka. Kila uzi uliokuja niliulaza. Wenye uchi, nikaulaza. Wenye ushanga, nikaulaza na ushanga wake. Kioo kilipojaa kilikuwa kibaya kuliko kitu chochote nilichopata kukitengeneza kwa mikono hii, na daktari akakiinua kwenye mwanga akasema kwa sauti ndogo, "Ndiyo huu. Ndiyo maradhi yake haya." Mwili wenyewe ulikuwa unakula ganda la mishipa yake. Maradhi yana dawa, akasema, lakini ni dawa ya kuwahiwa. Hakutaja miezi. Niliihesabu mwenyewe.

Jumatatu hakukatwa. Alianza dawa wiki ile ile. Daktari alimwambia kuwa kosa lilitokea maabara, kioo cha mwanzo hakikuwa sahihi, na akaomba radhi. Jina la mtu hakutaja. Baadaye nikasikia mikono imerudi, anafunga vikamba tena. Miguu imerudi kidogo, na daktari alisema pengine itabaki hapo hapo.

Mie kiti cha hadubini nilikiacha. Daktari alinisihi nirudi, kuwa sasa ndiyo nimejua. Nikamwambia sasa ndiyo nimejua, na nikaenda kuchukua dekio.

Lakini kuombewa radhi na mtu mwengine nilikuona kama kuvaa nguo ya kuazima. Siku za bamvua, maji yamekupwa mbali, nikaenda Uroa. Nilimkuta ufukweni, amekaa kwenye mchanga chini ya kibanda cha makuti, fimbo pembeni, anafunga mbegu kwenye kamba. Wenzake walikuwa mbali huko majini, wameinama. Yeye hawezi tena kwenda mpaka kule. Anafungia wenzake pale nchi kavu.

"Mama! Umekuja kutembea?"

Nikakaa. Nikamwambia yote, pasi na kuzunguka. Kwamba mikono iliyopanga nyuzi zake ni hii hapa. Kwamba nilipenda kioo kizuri.

Aliendelea kufunga. Akachukua shada la mwani, akalikagua, akavunja tawi lililopauka akalitupa, tawi zima akalifunga.

"Mbona mie kila siku nafanya hivi," akasema. "Nzuri nafunga, mbovu natupa. Ndiyo kazi ya mkono ilivyo, mama. Hukujua."

Ningeweza kuondoka hapo. Alikuwa kashanipa mlango, wazi kabisa, na moyo wangu tayari umeshaanza kuinuka. Lakini alikuwa amenisamehe kwa kitu ambacho sicho.

"Niliambiwa," nikasema. "Daktari aliniambia kabla: usichague. Nilisikia. Na Alkhamisi ile pale ngazini, nilipokwambia hautauma, nilikuwa nishajua kuwa hapana haja ya kukukata."

Mikono yake ikasimama. Akaiweka kamba chini. Alinyoosha miguu yake mbele, yote miwili, akaitazama kama vitu vya mtu mwengine alivyopewa avishikilie. Pale kando ya kifundo palikuwa na kovu, dogo, limekaa vizuri, aliyelishona alijua kushona.

Kisha akaniuliza, wala hakunyanyua sauti:

"Uliniambia hakitupwi hata chembe. Zile mbovu ulizitia wapi?"

Wanawake wengine walikuwa wameanza kurudi, maji yanajaa, vicheko vyao vinatufikia.

"Pipani," nikamwambia. "Juu ya majani ya chai."

Akatikisa kichwa taratibu, mara moja. Akachukua kamba yake akaendelea kufunga, na sikuambiwa ondoka wala kaa. Nilikaa mpaka dada yake na wenzake walipofika, nikasimama, nikajipangusa mchanga, nikaaga. Dada yake ndiye aliyeniitikia.